Je, Ni Haki Mji Mdogo Ungoje?

Liko swali moja ambalo wanadamu hawajaacha kuulizana tangu zamani: kitu chema kikiwa hakiwatoshi watu wote kwa wakati mmoja, ni nani apewe kwanza, na ni nani aambiwe angoje? Tena yule aliyeambiwa angoje, angoje mpaka lini? Mwezi huu twapenda kulitazama swali hili pamoja na wasomaji wetu katika jambo la siku hizi, yaani habari ya motokaa za umeme na vituo vya kuzijaza katika miji midogo ya Ulaya. Huenda mtu akasema, “Habari hiyo yatuhusu nini?” Nasi tulisema maneno yayo hayo. Twamwomba msomaji avumilie kidogo, maana jambo tulilolidharau mwanzo ndilo lililotufundisha mwisho.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 2024 tulikuwa wageni katika mji mdogo wa Ujerumani, kwa usharika ulio rafiki wa usharika wetu. Jina la mji halina haja, maana miji kama ule ni mingi. Una watu wapata elfu nne, kanisa la mawe, shule, duka moja kubwa, na vijiji vingi kandokando. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja, mwuguzi, ambaye kazi yake ni kuwazungukia wazee na wagonjwa nyumbani mwao, asubuhi na jioni, awafunge vidonda, awape dawa, awachome sindano. Wakubwa wa kazi yake walikuwa wameuza motokaa zao za zamani na kununua za umeme. Mama huyu aliipenda sana motokaa yake, kwa kuwa haina kelele wala moshi, na wazee hawashtuki ifikapo alfajiri. Lakini mwenyewe alikaa katika vyumba vya kupanga, orofa ya tatu, na motokaa hulala barabarani. Kwa hiyo hakuwa na mahali pa kuijazia nyumbani. Tegemeo lake lilikuwa mashine moja ya kujaza upesi, iliyosimama katika uwanja wa duka lile kubwa.

Yafaa tueleze kidogo jinsi mambo haya yalivyo. Motokaa ya umeme hubeba betri kubwa, na nyingi za siku hizi huweka akiba ya kilowati-saa 50 mpaka 80. Mtu akiijaza katika tundu la kawaida la nyumba ya Ujerumani, hupata kilowati 2 na kidogo tu; basi betri ya kilowati-saa 60 iliyokwisha kabisa huchukua siku nzima, mchana na usiku, na kupita. Akiwa na chombo cha ukutani chenye kilowati 11, kazi hiyo huisha kwa saa tano au sita. Lakini mashine ya kujaza upesi yenye kilowati 150 huweza kumrudisha msafiri njiani kwa muda kama wa nusu saa. Kwa hiyo mwenye nyumba na ua wake hana shida nyingi. Motokaa hunywa usiku naye amelala. Mwenye shida ni msafiri, na mpangaji, na yule ambaye kazi yake ni kuzunguka mchana kutwa. Tena wakati wa baridi betri hupungukiwa, na umeme mwingine hutumika kupasha motokaa joto, hata safari yake hufupika.

Jioni moja tulifuatana na mama huyu katika kazi yake. Walikuwa wamebaki wagonjwa wawili, naye akataka kujaza kwanza. Tulipofika kwenye mashine tuliona kioo chake ni cheusi, na karatasi imebandikwa ya kusema kwamba imeharibika. Mtu wa dukani akatuambia ya kuwa imezimika tangu jana, na fundi atatoka mji wa mbali, labda juma lijalo. Kituo cha pili kilikuwa umbali wa kilometa 34, na motokaa ilionyesha kwamba umeme uliobaki ni wa kilometa 41. Mama akienda huko, hatarudi kwa wakati. Akiwaendea wagonjwa, hatafika huko. Tena mmoja wa wagonjwa wale alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye macho yake hayaoni vema, naye hungoja sindano yake kabla ya chakula cha jioni.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akampigia simu mkulima mmoja amjuaye. Mkulima akasema, “Njoo.” Tukaiingiza motokaa ghalani mwake, tukapitisha waya mpaka tundu la kawaida la ukutani, naye mkulima akatoa motokaa yake kuukuu ya dizeli, akatupeleka kwa wagonjwa wote wawili, akatungoja nje kwenye baridi. Mzee alichomwa sindano yake saa moja na nusu baada ya wakati wake. Motokaa ya mama ililala ghalani usiku kucha, na asubuhi ilikuwa haijajaa bado.

Sasa yatupasa kukiri kosa letu. Tuliposimama mbele ya mashine ile yenye kioo cheusi, tulicheka moyoni. Tulisema, “Hizi ndizo shida za matajiri! Kwetu wako akina mama waendao mbali na ndoo kichwani, wakarudi nazo tupu.” Lakini tulipoingia kwa yule mzee tukamwona ameketi mezani, mikono yake imelala juu ya kitambaa, na sahani mbele yake haijaguswa, kwa kuwa alifundishwa asile kabla ya sindano, tuliona haya. Husemwa kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Usiku ule tulijifunza kwamba hata mwenye njaa aweza kutomjua mwenye njaa mwenzake, ikiwa njaa ya mwenzake ni ya namna nyingine. Mtu akiachwa, ameachwa. Haimpunguzii uchungu kwamba nchi aliyoachwa ndani yake ni nchi ya utajiri.

Basi tuliuliza: ni nani aliyekosa? Na hapa yatupasa kwenda polepole, maana ni rahisi kumtupia mawe mtu asiyekuwapo.

Tumsikilize kwanza mfanyabiashara. Yeye hutuambia kwamba kuweka kituo cha kujaza upesi si sawasawa na kuweka taa ya barabarani. Mashine yapaswa kuugeuza umeme wa nyaya uwe wa namna ipokewayo na betri. Mashine 4 za kilowati 150 zikifanya kazi pamoja zataka kilowati 600, na nyaya za mji mdogo mara nyingi hazikuwekwa kwa mzigo kama huo. Ndipo yahitajika transfoma mpya, na mitaro ya nyaya nene, na ruhusa za watu wengi. Tena katika nchi nyingi mwenye kituo hatozwi kwa umeme aliouuza tu, bali hutozwa pia kwa nguvu anayotaka iwe tayari kwake, ingawa ataihitaji mara chache. Katika mji mkubwa mashine hufanya kazi toka asubuhi mpaka usiku. Katika mji mdogo yaweza kusimama saa nyingi bila mteja hata mmoja. Gharama ni zile zile, au zaidi, lakini mapato ni machache. Mtu huyu hakuapa kufilisika kwa ajili yetu. Mtu hujikuna ajipatapo, naye hujenga pale mkono wake unapofika. Hatuwezi kumwita mwovu kwa sababu hiyo.

Wa pili ni mwenye kuhesabu, yaani yule aliyewekwa na serikali kugawa fedha za watu wote. Yeye husema, “Fedha ni chache. Nikiweka kituo penye watu laki moja, wengi watafaidika. Nikikiweka penye watu elfu nne, wachache watafaidika. Mwenye akili atachagua nini?” Neno hili lina nguvu, wala hatupendi kulidharau. Ni kweli kwamba agawaye kitu cha wote asipohesabu atapoteza kitu cha wote.

Lakini tuitazame hesabu yake kwa makini. Penye mashine kumi, mashine ya kumi na moja humpunguzia mtu kungoja kwa dakika chache. Mahali pasipo na mashine hata moja, ile ya kwanza humwambia mtu kama aweza kusafiri au hawezi. Vitu hivi viwili havina uzito mmoja, ingawa kila kimoja huandikwa katika daftari kwa tarakimu ile ile, 1. Mwenye kuhesabu vichwa tu hupima wingi wa watu, asipime ukubwa wa shida ya kila mtu. Tena iko tofauti nyingine. Penye mashine kumi, moja ikiharibika, zabaki tisa, na mji haujui kwamba kuna kilichoharibika. Penye mashine moja, hiyo ikiharibika, hapana kitu kilichobaki. Kwa hiyo twasema kwamba mashine moja peke yake haijawa kituo. Ni ahadi ya kituo tu.

Hesabu za wastani nazo zaweza kumficha mtu. Tutoe mfano wa Uingereza. Kanuni zilizowekwa huko mwaka wa 2023 zaagiza kwamba, tangu tarehe 24 Novemba 2024, mashine za kujaza upesi, yaani za kilowati 50 na zaidi, ziwe tayari kwa kazi asilimia 99 ya wakati. Kanuni hii ni njema, na waliyoiweka walitaka kuwasaidia wasafiri. Lakini kipimo chake ni wastani wa mwaka kwa mashine zote za kampuni moja. Basi kampuni ikiwa na mashine 100, na 99 katika hizo zafanya kazi bila kukosa hata siku moja, yaweza kuiacha moja izimike mwaka mzima, nayo kampuni bado imeitimiza sheria. Na ile moja itasimama wapi? Si lazima isimame katika mji mdogo. Lakini kila mtu ajua ni wapi fundi hufika mwisho. Habari ya wale tisini na tisa na yule mmoja wasomaji wetu waijua tangu utoto, wala hatuna haja ya kuieleza. Twasema hili tu: wastani hauchomwi sindano, wala haungoji chakula chake mezani. Angojaye ni mtu mmoja.

Tutazame na sheria ya Umoja wa Ulaya. Sheria ya mwaka wa 2023, iliyoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024, iliagiza kwamba katika barabara kuu zilizo za kwanza, kufika mwisho wa mwaka wa 2025, vituo vya motokaa ndogo visiachane kwa zaidi ya kilometa 60 kila upande wa njia, na kila kituo kiwe na nguvu ya kilowati 400 kwa jumla, na mashine moja angalau ya kilowati 150. Hapa tulifurahi, maana sheria hii haiulizi kwanza, “Wako wateja wangapi?” Huuliza, “Msafiri aweza kwenda mbali kadiri gani?” Hata hivyo sheria iyo hiyo huruhusu kwamba, penye magari yasiyofika 3,000 kwa siku, umbali uongezwe mpaka kilometa 100, ikiwa gharama hailingani na faida. Twafahamu sababu yake. Lakini msomaji na aone jinsi jambo lilivyo: pale penye watu wachache wa kumsaidia aliyekwama, ndipo pengo liruhusiwapo kuwa refu zaidi. Tena sheria hiyo ni ya barabara kuu. Mji wa yule mwuguzi hauko katika barabara kuu hata kidogo.

Labda mtu atasema, “Basi watu wa miji midogo na waendelee na motokaa za mafuta, ni nani awalazimishaye?” Lakini neno hili lilikwisha kujibiwa na watunga sheria wenyewe. Mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba tangu mwaka wa 2035 motokaa mpya ziuzwazo zisitoe hewa ya kaboni. Ni kweli kwamba mwezi wa Desemba 2025 halmashauri yake kuu ilipendekeza kuilegeza amri hiyo, lakini njia yenyewe inayoelekezwa ni moja. Nasi hatuikatai njia hiyo. Ukame na mafuriko tumeviona kwetu, na moshi wa nchi za viwanda haukai katika nchi za viwanda. Ila twasema kwamba amri ile haikutofautisha mkubwa na mdogo. Haikusema kwamba mwenye kukaa mjini aache mafuta kwanza, kwa kuwa amejaliwa vituo, na mwenye kukaa mbali afuate baadaye. Mzigo uligawanywa sawasawa kwa watu wote. Je, ni haki mzigo ugawanywe kwa vichwa, na msaada wa kuubeba ugawanywe kwa faida?

Hapo ndipo tulipofika katika mawazo yetu. Hatusemi kwamba mji wa watu elfu nne upewe mashine nyingi kama mji wa watu laki nne. Huo si usawa, ni upuzi. Hata ng’ombe hawagawiwi majani kwa namna hiyo. Wala hatusemi kwamba kungoja kwenyewe ni dhuluma. Hakuna kazi kubwa iwezayo kuanza mahali pote siku moja. Lazima mmoja awe wa kwanza na mwingine awe wa mwisho. Mji mdogo waweza kuombwa ungoje. Lakini mtu aombwaye kungoja ana haki zake tatu.

Haki ya kwanza ni kuambiwa mpaka lini. Kungoja kwenye mwisho ni saburi. Kungoja kusiko na mwisho ni kuachwa, ingawa huitwa kwa jina zuri zaidi. Ahadi ni deni, na deni lisilo na siku ya kulipwa ni vigumu kulitofautisha na wizi.

Haki ya pili ni kwamba mzigo usimtangulie msaada. Wakubwa wa kazi ya yule mwuguzi waliuza motokaa za mafuta kabla ya kuuliza kama mji una mashine ya pili. Walitaka kufanya jambo jema, na jambo lenyewe ni jema. Lakini walilifanya kwa mkono wa mtu mwingine. Ni rahisi kuwa mwema ikiwa atakayesimama barabarani gizani si wewe.

Haki ya tatu ni kwamba njia ipimwe kwa pengo lake, isipimwe kwa wingi wa vituo vyake. Tukiambiwa kwamba nchi fulani imeongeza vituo elfu, tuulize: pengo lililo refu kuliko yote limefupika? Mlolongo wa watu wapokezanao ndoo za maji kuzima moto hausifiwi kwa kuwa na watu wengi karibu na kisima. Wakikosekana wawili tu katikati, maji hayafiki, na nyumba huungua mbele ya watu wengi wenye ndoo zilizojaa.

Mtu atauliza, “Na fedha zitoke wapi, ikiwa mfanyabiashara hapati faida?” Swali ni la haki, nalo lina majibu yaliyokwisha kujaribiwa. Ujerumani yenyewe ilitunga sheria mwaka wa 2021 ya kujenga vituo vya kujaza upesi kwa msaada wa serikali mahali vilipokosekana. Nchi nzima iligawanywa mafungu 23, yenye mahali 900 kwa jumla, mbali na vituo 200 vya kando ya barabara kuu. Na makampuni yalichaguliwa mwaka wa 2023. Jambo lililotupendeza ni hili: kampuni haikuruhusiwa kuchagua mji mmoja mmoja. Hupewa fungu zima, nayo hupaswa kujenga mahali pote pa fungu lile, penye wateja wengi na penye wateja wachache. Aliyetaka mnofu alipewa na mfupa wake. Ujenzi wa mpango huo ulikwenda polepole, wala ulikuwa haujafika katika mji wa mwenyeji wetu wakati ule. Lakini wazo lake ni la haki, maana halimkatazi mfanyabiashara faida, ila humkataza kuchuma faida ya njia na kuuacha wajibu wa njia.

Norwei nayo yatufundisha. Katika nchi ile, mwaka wa 2024, motokaa mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme karibu 9 katika kila 10. Mtu angedhani kwamba mahali kama pale biashara peke yake ingefika kila pembe. Sivyo ilivyokuwa. Tangu mwaka wa 2015 shirika la serikali liitwalo Enova lilitoa fedha ili barabara kubwa zipate vituo kila kilometa 50 hivi. Na hata hivyo mkoa wa Finnmark, ulio kaskazini kabisa, wenye kilometa za mraba zaidi ya 48,000 na watu wapata 75,000 tu, ulibaki nyuma, mpaka ukapewa msaada wake wa peke yake. Basi hata penye utajiri na nia njema, pengo la mwisho halikufungwa na soko. Lilifungwa na watu waliokubaliana kwamba wale wa mwisho nao ni watu wa nchi ile.

Wengine wataona vibaya. Watasema, “Kwa nini mtu maskini wa mjini, apandaye basi, alipe kodi kwa ajili ya motokaa ya mtu wa shamba?” Hili ndilo shindano gumu kuliko yote, wala hatuwezi kulijibu kwa neno moja. Ni kweli kwamba fedha za vituo zisitolewe kwa kuwanyang’anya wapandao mabasi. Lakini pengo la njia si mali ya watu wakaao penye pengo tu. Mtu wa mjini aendaye kumzika mama yake kijijini hupita hapo. Maziwa na viazi vya mjini hutoka huko. Na yule mzee mwenye sindano huenda ana mwanawe mjini, alalaye usingizi kwa kuwa ajua mwuguzi atafika. Njia ina ncha mbili, na pengo lililo katikati huzikata zote mbili.

Limebaki neno la yule mkulima. Wako watu ambao wakisikia habari yake watasema, “Tazama, jambo lilikwisha vizuri! Palipo na jirani mwema hapahitaji serikali wala kampuni.” Nasi twamheshimu sana mkulima yule, maana hakuuliza atalipwa nini. Lakini twaomba wema wake usitumiwe kama pazia la kufunikia uzembe wa wengine. Wema ni zawadi, na haki ni deni. Zawadi ya jirani hailipi deni la mwingine. Humwokoa tu mwenye kudai kwa usiku ule mmoja. Je, kama mkulima angekuwa safarini? Kama simu isingeshika? Kama mwuguzi angekuwa mgeni asiyejua namba ya mtu ye yote? Mahali ambapo maisha ya mgonjwa hutegemea kwamba jirani yuko nyumbani, hapo wema umebebeshwa mzigo usio wake.

Nao watu wa miji midogo wana wajibu wao. Wasikae na kunung’unika tu. Mashine ikiharibika, waseme siku ile ile, tena waandike tarehe. Maana malalamiko yasiyo na tarehe husahauliwa upesi. Waombe kwamba habari za mashine iliyozimika zitangazwe mapema, kabla msafiri hajatoka kwake. Kusema kweli juu ya kitu kibovu ni bei rahisi kuliko kukitengeneza, na asiyeweza hili la pili asikose lile la kwanza. Wenye nyua na matundu ya umeme wakubaliane na wapangaji, kwa malipo ya haki, mpaka msaada mkubwa ufike. Na kituo kikija, wakitumie, wasikiache kwa kufuata bei ndogo ya mbali na kisha kuuliza kwa nini kimefungwa.

Mwanzo wa mwaka uliofuata tulipata barua ya mama yule. Alituandikia kwamba mashine ilitengenezwa baada ya siku tisa, na ya pili haijaja. Katika siku hizo tisa alilala mara nne kwa dada yake, katika mji wa jirani wenye kituo, akaamka saa kumi za usiku ili awahi wagonjwa wake. Mkulima alikataa fedha ya umeme. Basi mama humpelekea mkate kila Jumamosi. Mzee hajambo. Alimalizia kwa kusema kwamba hana hasira na mtu ye yote, ila angependa kujua siku.

Tumeiweka barua hiyo mezani petu. Katika wasomaji wetu wako wengi ambao, kwa namna moja au nyingine, hugawa kitu cha wote: mmoja hugawa mbegu, mwingine dawa, mwingine vitabu vya shule, mwingine zamu za maji. Kila mgawaji hujua jina la yule wa kwanza katika mstari wake, maana ndiye asimamaye karibu na kusema kwa sauti. Twamwomba kila mmoja ajiulize jioni ya leo: wa mwisho katika mstari wangu ni nani, na je, nimekwisha kumwambia siku yake?